Ziara ya miguu Mji Mkongwe wa Zanzibar: ipi inafundisha majengo na ipi inakuzungusha tu

Ziara ya mji inayouzwa Zanzibar huja kwa namna mbili. Kuna ile fupi, ya muda wa saa moja hadi moja na nusu: Forodhani, Ngome Kongwe, milango michache ya kupigia picha, soko la Darajani, kanisa la Mkunazini, halafu maduka ya Gizenga. Na kuna ile ndefu, ya saa tatu au zaidi, ambayo muongozaji wake huingia na wageni ndani ya nyumba, huwapandisha ngazi, huwaonyesha dari, na huwavusha barabara hadi Ng'ambo, sehemu ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe. Hapa tunazipima kwa kigezo kimoja: ukimaliza kutembea, je, unaweza kuitazama nyumba ambayo hukutajiwa jina lake, ukasema imejengwa kwa vitu gani na kwa desturi ya wapi?

Kwa kigezo hicho, ziara fupi haifai. Ndefu inafaa sana, ikiwa muongozaji ataanzia ukutani. Milango inapendeza na kila mtu huanza nayo, lakini mlango huweza kung'olewa nyumba moja ukafungwa nyingine, na mingi imefanyiwa hivyo. Ukuta hauhami.

Muongozaji anayejua kazi yake hutafuta gofu, na magofu hayakosekani. Pale ambapo ukuta umekatika, unaona kila kitu kwa mara moja: vipande vya jiwe la matumbawe visivyochongwa, vimepangwa na kushikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi. Juu kidogo kuna safu ya matundu ya duara yaliyopangana kwa karibu. Hayo ni matundu yaliyoshika ncha za boriti za mikoko, na hapo ndipo somo la ziara nzima lilipo.

Boriti ya mkoko ni ngumu, haipendwi sana na mchwa, lakini ni fupi. Ikibeba sakafu nzito ya mawe na chokaa, haifai kuachwa wazi zaidi ya mita tatu hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe kina upana wa boriti na urefu wowote mwenye nyumba autakao. Ingia nyumba yoyote ya zamani, hatua za upana ni chache, za urefu ni nyingi. Hakuna aliyekusudia chumba chembamba. Mti ndio uliokata kipimo. Na mti huo haukubaki hapa. Boriti za Rufiji na Lamu, zilizouzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, zilipakiwa majahazini na kupelekwa Ghuba ya Uajemi na Oman, nchi zisizo na miti ya kujengea, na vyumba vya huko navyo vikafuata upana ule ule. Waongozaji wengi husimulia athari za Uarabuni kana kwamba zilitoka upande mmoja kuja upande huu tu. Anayekueleza habari ya boriti anakupa picha kamili: ramani ya nyumba ilikuja na upepo wa kaskazi, na dari ilikwenda na upepo wa kusi.

Mwombe pia akupandishe ghorofani uone sakafu inavyokaa. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe bapa, kisha zege la chokaa na kokoto za matumbawe, linalopondwa kwa vigongo hadi lishikane. Sakafu hiyo huingiza ubaridi mzuri mchana, lakini uzito wake ni mkubwa, na boriti moja ikioza nchani, mzigo huhamia kwa jirani zake. Nyumba za Mji Mkongwe haziporomoki kwa uzee peke yake. Huporomoka kwa sababu maji yameifikia ncha ya boriti ndani ya ukuta, mahali ambapo macho hayafiki.

Maji hayo huja kwa njia mbili, na zote mbili zina historia. Ya kwanza ni paa. Baada ya Sayyid Said kuhamishia makao yake hapa kutoka Maskati, mnamo 1840, matajiri wa Kiomani walijenga nyumba kubwa za umbo la sanduku, ghorofa mbili au tatu, kuta za nje tupu na nyeupe, madirisha machache upande wa njiani, uwanja wazi katikati ya nyumba, na juu paa bapa la chokaa. Kwa Maskati, ambako mvua ni tukio, paa bapa ni sehemu ya kulala usiku wa joto. Kwa Unguja yenye masika na vuli, paa bapa ni bwawa. Nyufa ndogo za chokaa zilihitaji kuzibwa kila mwaka, na aliyeacha mwaka mmoja aliona dari ikivuja. Ndiyo maana ukipanda juu ya mgahawa wowote wenye ghorofa ya juu, unaona bahari ya mabati: paa la pili liliwekwa juu ya la kwanza. Muongozaji akikuonyesha ukingo wa paa la kale lenye meno uliobaki chini ya mabati, mpe alama kamili.

Njia ya pili ni plasta ya saruji, na hapa tunasisitiza kwa sababu ndiyo inayoua mji. Jiwe la matumbawe lina vitundu. Hufyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu hutoka nje ya ukuta na kukauka kwa upepo. Saruji huziba. Maji yakikosa pa kutokea hupanda juu zaidi ndani ya ukuta, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, plasta huvimba na kuachana na jiwe, na mwisho unyevu huifikia boriti ya ghorofa ya kwanza. Gonga ukuta wa namna hiyo kwa kifundo cha kidole. Palipoachana hulia kama debe. Angalia pia unga mweupe wa chumvi unaotokeza kwenye mpaka wa unyevu, mara nyingi usawa wa kifua au juu yake.

Dawa yake inajulikana na si ya siri. Saruji hubanduliwa yote hadi kwenye jiwe, ukuta huachwa ukauke, matundu hujazwa mawe madogo na chokaa, kisha hupigwa plasta ya chokaa iliyolowekwa na kukaa muda wa kutosha, kwa kipimo cha kawaida cha chokaa moja kwa mchanga mara tatu. Tabaka liwe jembamba, sentimita moja hivi, na la pili lisubiri la kwanza likaze. Chokaa hugeuka jiwe tena kwa kuvuta hewa taratibu, tena ikiwa na unyevunyevu. Ikikaushwa na jua la saa saba mchana hupasuka na kuwa unga. Kwa hiyo hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Mwisho hupakwa maji ya chokaa mara tatu au zaidi; rangi ya plastiki ya dukani ingerudisha tatizo lile lile la kuziba. Ziara nzuri hupita mahali ambapo kazi hii inaendelea, na mafundi huwa hawachukii kuulizwa.

Baada ya ukuta, sasa nenda kwenye milango, na hapa uwe macho. Karibu kila muongozaji atakuambia: mlango wenye kichwa cha mraba ni wa Kiarabu, wenye tao juu ni wa Kihindi. Ni nusu ya ukweli. Umbo la mraba ni la zamani zaidi pwani hii, na tao lenye majani na maua lilienea kuelekea mwisho wa karne ya 19 kwa ladha iliyotoka Kachi na Gujarati, magharibi mwa Bara Hindi. Lakini mteja na fundi hawakuwa wa kabila moja kila mara. Mwarabu tajiri wa zama za Sultani Barghash aliweza kuagiza tao kwa sababu lilikuwa la kisasa, na chini yake akachongesha aya ya Qurani. Mlango unakueleza mtindo wa wakati na uwezo wa mfuko zaidi kuliko asili ya mwenye nyumba.

Kuhusu misumari mikubwa ya shaba, utasikia habari za ndovu wa vita wa Bara Hindi. Mtindo unaweza kufuatwa hadi huko, ila hapa ni pambo na tangazo la mali, na muongozaji anayeishia kwenye ndovu hajakueleza nyumba uliyosimama mbele yake. Mnyororo uliochongwa pembeni nao hupewa maana ya biashara ya watumwa kwa sababu wageni wanaitarajia. Maelezo yenye nguvu zaidi ni ulinzi wa nyumba. Mengine, kama samaki, mtende, waridi na yungiyungi, yana tafsiri nyingi, na muongozaji mwaminifu husema hivyo.

Badala ya kukusanya maana za nakshi, omba usomeshwe sehemu za mlango. Chini kuna kizingiti, pande mbili miimo, na katikati mfaa, ule mti wa kusimama wenye nakshi unaofunika mwanya wa mabao mawili. Mfaa umepigiliwa kwenye ubao mmoja tu, kwa hiyo ubao wa pili haufungwi hadi wenye mfaa ukae mahali pake, na mtu anayejua nyumba hujua aanze na upi. Halafu tazama pale miimo inapokutana na ukuta. Ukiona kiraka cha saruji au vipande vya mbao vya kujazia, mlango huo ulitoka kwingine. Ukiona miimo imekaa ndani ya chokaa ya ukuta bila mwanya, huenda ulizaliwa na nyumba. Mbao ni msaji ulioletwa kutoka Bara Hindi, au mfenesi na miti mingine ya hapa. Msaji wa kale huwa mweusi wa kahawia na uzito wake unausikia ukiusukuma.

Mitaa ya Hurumzi, Kiponda na Gizenga ndiyo ya kusomea athari ya Kihindi, na nyumba zake hutambulika hata mlango ukiwa umeng'olewa. Upande wa njiani ni mwembamba, nyumba inarudi nyuma sana, chini ni duka lenye mbao za kufungulia karibu upana wote, juu ni makazi yenye roshani na mbao zilizotobolewa nakshi, pengine vioo vya rangi juu ya madirisha. Nyumba ya Kiomani inaficha maisha yake ndani ya uwanja. Ya Kihindi inayatoa njiani, kwa sababu njia ndiyo riziki. Zikisimama ubavu kwa ubavu, tofauti hiyo inaonekana wazi kuliko kwenye mchoro wowote. Kilichoziunganisha ni baraza, kiti cha mawe kilichojengwa chini ya ukuta wa mbele, ambacho ni desturi ya pwani yenyewe. Wageni hupokewa hapo bila kuingia kwa wanawake, kahawa hunywewa hapo, na wakati wa mvua kubwa njia ikigeuka mto, watu hupita juu yake.

Misikiti huwa inarukwa, na si vizuri. Asiye Mwislamu kwa kawaida haingii, lakini nje kuna la kujifunza. Mingi haina mnara wala kuba, kwa kuwa Waibadhi, Waislamu wa madhehebu ya Oman, walipendelea msikiti usio na mapambo, na hivyo mtu huweza kuupita akidhani ni nyumba. Msikiti wa Malindi wenye mnara wa umbo la koni ni wa aina adimu katika pwani nzima. Dakika tano mbele yake zinatosha, ila zitolewe.

Katika majengo makubwa, Beit el-Ajaib (Nyumba ya Maajabu) lilikuwa kitovu cha kila ziara. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe, likiwa na varanda pana zilizobebwa na nguzo za chuma cha kalibu kutoka nje. Hapa ndipo kile kipimo cha boriti kilipovunjwa: mihimili ya chuma na mabamba ya zege viliruhusu kumbi pana na dari za juu, ingawa boriti na matumbawe vilitumika humo humo pamoja na vitu hivyo vipya. Umeme na lifti vilifika hapo mapema kuliko kwingineko Afrika Mashariki. Manowari za Kiingereza zilipoipiga kasri ya Sultani tarehe 27 Agosti 1896, jumba la jirani, Beit al-Hukm, liliharibika kabisa, na mnara wa saa uliongezwa mbele ya Beit el-Ajaib baada ya vita hivyo vya chini ya saa moja. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara huo na kuua watu wawili. Muongozaji anayelisimulia jengo hili kana kwamba limesimama zima, au anayelipita haraka kwa sababu halipendezi picha, anakunyima somo kubwa la mji.

Mfano wa upande wa pili uko mwendo mfupi kaskazini, barabara ya Mizingani. Jengo la Zahanati ya Kale lilianzishwa mwaka 1887 na Tharia Topan, tajiri wa Kiismaili, kwa heshima ya jubilii ya Malkia Victoria. Alifariki kabla halijaisha, likamalizika 1894, na baadaye likawa zahanati. Roshani zake za mbao zilizochongwa kwa mkono wa Kihindi zimefungwa kwenye jengo lenye sura ya Kizungu, na uwanja wa ndani umefunikwa ukawa ukumbi. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati katika miaka ya 1990. Ingia ndani, simama katikati, tazama juu. Hakuna mahali pengine mjini ambapo unaona kazi ya mbao, chokaa na vioo ikiwa katika hali nzuri namna hii.

Kanisa la Mkunazini, lililoanza kujengwa 1873 penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huo, lihesabiwe pia kama jengo, si kumbukumbu peke yake. Askofu Edward Steere aliliwekea paa la tao la zege la chokaa na matumbawe, bila boriti, upana ambao mafundi wa mji walikuwa hawajauzoea, na limesimama hadi leo. Madirisha yanachanganya ncha za Kigothi na matao ya Kiislamu. Karibu na mlango mkubwa kuna nguzo fupi zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini mafundi walipozipanga.

Ziara fupi haipiti hapo, ila kurudi madukani. Inayostahili hela yako inaendelea hadi Beit el-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa 1925, kazi ya J. H. Sinclair, mtawala wa Kiingereza aliyekuwa msanifu. Yeye alichukua kuba na matao ya Kiislamu, akayavisha majengo ya serikali ya kikoloni. Linganisha kuba zake na misikiti isiyo na mapambo uliyoipita mjini: mkoloni aliujengea mji sura ya Kiarabu zaidi kuliko Waarabu wenyewe walivyojenga. Kisha vukeni barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari uliotenga mji na Ng'ambo. Jina la Darajani limebaki hapo. Ng'ambo ndiko ilikojaa nyumba ya Kiswahili ya miti na udongo: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani kuna jiko na choo. Ni nyumba ya chumba kimoja kimoja kinachoweza kupangishwa bila kuvuruga familia, na ramani yake imefika Dar es Salaam, Tanga na bara kote. Katikati yake yanakatiza maghorofa ya Michenzani, marefu mno, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi kwa azma ya Karume ya kumpa kila mtu nyumba ya kisasa. Kuyaacha nje ya historia ya ujenzi wa Zanzibar kwa sababu hayamo kwenye orodha ya UNESCO ya mwaka 2000 ni kosa la waongozaji wengi, na ni kosa kubwa.

Sasa mambo ya kupanga. Chukua muongozaji mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, siyo papasi, yaani dalali wa bandarini asiye na kitambulisho, na kubalianeni bei na muda kabla ya hatua ya kwanza. Uliza kama viingilio vya makumbusho na kanisa vimo ndani ya bei, maana mara nyingi havimo. Uliza pia: "Tutaingia nyumba gani, na tutapanda hadi juu?" Akikosa jibu, tafuta mwingine. Kundi lisizidi watu sita. Vichochoro ni vyembamba, na wa nyuma hatasikia kitu. Anzeni saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Ijumaa mchana kuna swala na maduka mengi hufungwa. Mabega na magoti yafunikwe, na usimpige picha mtu aliyekaa barazani kwake bila kumwomba. Wakati wa masika magofu huwa hatari, kwa kuwa ukuta uliolowa hupoteza nguvu. Tazama kutoka njiani, usiingie.

Ukiwa na siku ya ziada, ongeza Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107, miaka mingi kabla ya Mreno au Sultani yeyote wa Oman kukanyaga Unguja, ingawa sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya baadaye. Mwombe mlinzi ruhusa, vua viatu, na nenda moja kwa moja kwenye mihrabu: matumbawe ya hapo yalichongwa yakiwa bado laini kutoka baharini, ndiyo maana makali ya herufi yamedumu, tofauti na jiwe la nchi kavu la Mji Mkongwe ambalo halichongeki hivyo.